Shawa jeli inawasha, je ni sabuni au ni sisi?

Habari dada mfamasia. Mimi mama wa watoto watatu hapa Bombo. Kaka yangu alitoka Kampala akatuletea shawa jeli chupa kubwa, inanukia vizuri mno na povu tele, sisi tulizoea sabuni ya mche tu. Basi nikawa naimimina kidogo kwenye beseni maji yanakuwa meupe watoto wanafurahi, lakini sasa ni wiki mbili na huyu mdogo wa mwisho ndani ya kiwiko na nyuma ya magoti ngozi imekauka imepasuka, nikimwogesha analia. Jirani ananiambia humo ndani kuna SLS na hiyo ndiyo inaleta saratani. Nimeogopa, chupa nimeificha juu ya kabati. Niitupe? Nirudi kwa mche?
— Mama Watatu, Bombo

Pole sana mama, na mtoto pia mpe pole. Kwanza hiyo habari ya saratani iondoe kichwani leo hii, maana imezunguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walipokuwa wanatumiana kwa imeili, na hakuna ushahidi kwamba SLS inaleta saratani. Lakini kukausha na kuwasha ngozi, hilo ni kweli kabisa, na jirani yako hakukosea kuinyooshea SLS kidole, alikosea ugonjwa tu.

SLS ni sodiamu laurili salfeti, ndiyo inaleta lile povu. Kazi yake kushika mafuta ili maji yaondoke nayo, shida ni kwamba haijui haya ni mafuta ya uchafu na haya ni mafuta ya ngozi yenyewe, inachukua yote. Madaktari wa ngozi wakitaka kuiwasha ngozi makusudi kwenye vipimo vyao, SLS ndiyo wanayopaka, ndiyo ujue nguvu yake. Hata ile krimu nyeupe ya maji (aqueous cream) ambayo watu wengi wanapewa kwa ajili ya pumu ya ngozi, mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Uingereza walitoa onyo kwamba inaweza kuwasha ngozi hasa ya watoto, na SLS iliyomo ilitajwa kama moja ya sababu. Kuna ndugu yake anaitwa SLES, huyo ni mpole kidogo na ndiye yuko kwenye jeli nyingi siku hizi, kwa hiyo angalia herufi vizuri: jina likiwa na laureth ni huyo mpole, likiwa na lauryl ni yule mkali.

Sasa mama, kuna kitu umekiandika haraka haraka lakini mimi ndicho kilinisimamisha, kwamba unaimimina ndani ya beseni. Jeli ya chupa imetengenezwa kwa mtu aliyesimama chini ya shawa, anajipaka, maji yanateremka juu yake dakika kadhaa, yote inaenda. Sisi wengi tunaoga kwa beseni na jerikeni moja ambayo bado inatakiwa ifike mpaka jioni, kwa hiyo ukiichanganya na maji ya kuogea mtoto anasuuzwa na maji yaleyale yenye sabuni, halafu anafutwa na taulo, ile jeli inabaki kwenye mikunjo. Na mikunjo ni wapi? Ndani ya kiwiko na nyuma ya goti! Ingawa hapo pia ndipo pumu ya ngozi inapenda kukaa kwa watoto, kwa hiyo inawezekana ngozi yake ilikuwa dhaifu tangu zamani na jeli imeichokoza tu.

Kuhusu mche, mimi singekimbilia huko. Ngozi yetu ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) iko kati ya 4.5 na 5.5 hivi, na sabuni ya mche inayopikwa kwa mafuta na kostiki soda inafika 9 au 10. Ngozi nzima inavumilia, lakini ngozi iliyopasuka mama, utaongeza moto. Ninachoomba ufanye, kwa wiki mbili mtoto aoge maji ya uvuguvugu yasiwe ya moto, dakika chache tu, sabuni isiyo na harufu umpake kwa kiganja makwapani, sehemu za siri na miguuni, mwili mwingine maji yanatosha, halafu umsuuze na maji safi ya pembeni hata kama ni kopo mbili. Dodoki weka kando kabisa. Kabla hajakauka, wakati ngozi bado ina unyevu, mpake vaselini ya kawaida isiyo na pafyumu. Ukipata moo yaa, yale mafuta ya shea ya kule Acholi na Lango, ni mazuri pia, ila uyanunue yakiwa matupu, wengine wanachanganya manukato ndani.

Swali langu moja, nijibu ukiweza: je, mnajikuna wengi nyumbani na zaidi usiku? Angalia katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Kama kuna vipele vidogo hapo, huo unaweza kuwa upele wa wadudu na hakuna sabuni itauleta wala kuutoa, mnahitaji dawa nyumba nzima kwa siku ileile. Na kama pale palipopasuka panatoa maji au magamba ya njano, usisubiri wiki mbili zangu, mpeleke kituo cha afya.

Chupa usiitupe. Wewe mwenyewe kama haikuwashi, inawie mikono.

* * *

Dada salamu. Naendesha boda Gulu mjini, vumbi na jasho mchana kutwa, kwa hiyo natumia sabuni ya kuua bakteria asubuhi na jioni na naongeza vifuniko viwili vya ile dawa ya maji ya kahawia kwenye beseni. Bado kwapa linanuka na sasa linauma.
— Abiria wangu watanikimbia, Gulu

Kaka yangu, kwapa linauma kwa sababu unalichoma. Hiyo dawa ya kahawia mara nyingi huwa na klorozailenoli, ni ya vidonda na kupangusia, inatakiwa ipunguzwe na maji mengi kama chupa inavyosema, na sio chakula cha ngozi cha kila siku mara mbili. Na haya maneno ya kuua bakteria kwenye sabuni, Marekani mwaka 2016 mamlaka yao ya dawa FDA iliwaambia watengenezaji walete uthibitisho kwamba ni bora kuliko sabuni ya kawaida na maji, hawakuweza, vikapigwa marufuku viungo 19 pamoja na trikilosani na trikilokabani. Kwa hiyo ukiona trikilosani kwenye lebo jua unalipia kitu ambacho hakijaonyesha faida.

Acha dawa. Sabuni pole mara moja jioni, asubuhi maji. Nyoa au punguza nywele za kwapa, kausha vizuri, na lile shati na jaketi la boda lifue kila siku na ulianike juani, maana harufu nyingi inakaa kwenye nguo na wewe unaivaa tena ukiwa umeshaoga. Maumivu yakipita ndiyo urudie diodoranti, sio kabla.

* * *

Mimi mwanafunzi Mbarara. Nimesoma sana nikaacha SLS, nikanunua jeli ya mimea, chupa inasema ni ya asili asilimia mia, shilingi 38,000. Miezi mitatu ilikuwa sawa kabisa halafu ghafla nimetokwa vipele shingoni na kifuani vinawasha ajabu. Inawezekanaje ikiwa haina kemikali?
— Nimechanganyikiwa

Mdogo wangu, kila kitu ni kemikali, hata maji. Asili haimaanishi upole, upupu nao ni wa asili.

Yaliyokupata yanafanana na aleji, na aleji ni tofauti na kuwashwa kwa kawaida. Kuwashwa kunakuja haraka, panachoma panakauka. Aleji inaweza kukaa kimya miezi mwili unajifunza, halafu siku moja mwili unakataa, na vipele vinatokea siku moja au mbili baada ya kutumia, ndiyo maana watu hawaunganishi. Mimi kwenye lebo yako ningetafuta vitu viwili. Cha kwanza ni harufu, inaandikwa parfum au fragrance, na neno hilo moja linaweza kuficha vitu makumi, na kwenye jeli za mimea harufu inatoka kwenye mafuta ya ndimu, lavenda, mti wa chai, ambayo ndani yake kuna limonini na linaloli, hizo zikipigwa na hewa zinageuka kuwa kitu kinacholeta aleji. Kwa hiyo chupa ya zamani iliyofunguliwa ni mbaya kuliko mpya.

Cha pili ni kihifadhi, jina refu linaloishia na thiazolinone. Mmoja wao, methylisothiazolinone, MI kwa kifupi, chama cha Marekani cha madaktari wa aleji za ngozi kilimtangaza kuwa aleji ya mwaka 2013, na Ulaya wamemkataza kwenye losheni na vitu vyote vinavyobaki mwilini, kwenye vya kusuuza wameruhusu kidogo sana, sehemu 15 tu kwa milioni. Cha kusikitisha ni kwamba alishika nafasi wakati watu walipokuwa wanakimbia parabeni, ambazo kwa upande wa aleji ni miongoni mwa vihifadhi vipole kabisa. Nakuomba usinunue chupa kwa kuangalia kile isichokuwa nacho.

Acha hiyo jeli na losheni ya harufu pia mpaka ngozi itulie, na ikikataa, hapo Mbarara hospitali ya rufaa kuna madaktari wa ngozi, nenda na chupa yenyewe mkononi, wasiandikiwe jina tu. Ukinunua nyingine, pimia kwanza ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, ipake na uisuuze kama unavyooga, siku 7 mpaka 10, sehemu ileile. Ikipita salama ndiyo uende nayo mwili mzima.