Vivumishi na Herufi Kubwa: Ushauri kwa Wanaojiandaa na Kidato cha Kwanza

Tangu mtihani wa darasa la saba unapokwisha mwezi Septemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, huwa nawafundisha Kiingereza watoto wa mtaani kwetu hapa Mbeya. Nimebaini kwamba wanaosumbuka zaidi si wenye msamiati mdogo, bali wanaoandika Kiingereza huku wakifuata upatanisho wa Kiswahili.

Tuanze na vivumishi. Kwa kuwa sisi husema kiazi kikubwa na viazi vikubwa, mtoto huona ni haki kivumishi cha Kiingereza nacho kibadilike katika wingi, ndipo anapoandika "potatoes bigs", akiwa amekosea mara mbili kwa neno moja. Kivumishi cha Kiingereza hakina umoja wala wingi, na kwa kawaida hutangulia nomino: "big potato", "big potatoes". Kinaweza pia kukaa baada ya kitenzi, kama katika "The potatoes are big", na hapo pia hakiongezewi "s". Ushauri wangu ni kumpa mtoto vitu vilivyopo jikoni avitaje kimoja kimoja, kisha vingi, mpaka ulimi uzoee kuacha kivumishi kama kilivyo.

Katika kulinganisha, kosa linalojirudia ni "more higher". Mlima Rungwe, ambao urefu wake unakaribia mita 3,000, unaushinda Mlima Mbeya, na sentensi yake ni "Mount Rungwe is higher than Mbeya Peak", bila "more", kwa sababu "-er" imekwisha kufanya kazi hiyo. "More" tuiachie maneno marefu kama "beautiful". Kuhusu mpangilio wa vivumishi vingi kwa pamoja, anayeanza atosheke na kujua kwamba ukubwa hutangulia rangi, kama katika "a big green bag"; orodha ndefu za kukariri mimi sizipendi.

Herufi kubwa zina mantiki yake, ingawa mabango ya madukani, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, hayamsaidii mtoto hata kidogo. Wengi hudhani herufi kubwa ni heshima, hivyo huandika "my Mother" na "the Teacher". La hasha: mbali na mwanzo wa sentensi, herufi kubwa huonyesha jina mahususi. "Lake Nyasa" ni jina, lakini "the lake" ni ziwa lolote linalozungumziwa. "My mother" hubaki na herufi ndogo, ila "Mother" linapotumika badala ya jina lake, hupewa kubwa. Siku, miezi na lugha huanza kwa herufi kubwa kama kwetu, na "I" huwa kubwa popote lilipo. Ndiyo maana katika ratiba ya masomo "English" hupewa kubwa, ilhali "history" ndani ya sentensi ya kawaida haipewi.

Kanuni hizi mbili hukutana katika kivumishi kinachotokana na jina la nchi: "Tanzanian tea" ina herufi kubwa kwenye kivumishi, na ndogo kwenye nomino. Hapo ndipo ninapopima kama somo limeingia. Humwandikia mwanafunzi "on monday my aunt sold fresh tanzanian tea in mbeya", yote kwa herufi ndogo, naye hutakiwa kurekebisha "On", "Monday", "Tanzanian" na "Mbeya" tu, kisha anieleze kwa nini shangazi na chai hawakuguswa.