Vita vikiisha, jeshi lifanye nini?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Barazani kwetu Chumbageni, Tanga, kuna mjadala uliokosa mwamuzi. Mzee mmoja aliyepigana Uganda mwaka 1979 anasema jeshi letu lilikaa huko kupita kiasi baada ya Idi Amin kukimbia. Wenzake wanashikilia kwamba liliondoka mapema, ndiyo maana Uganda ikarudi vitani. Tueleze kazi halisi ya jeshi baada ya vita, na ni lini linapaswa kuondoka.
Mwalimu mstaafu, Chumbageni

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Pande zote mbili za baraza lenu zinahesabu muda, ilhali kwa maoni yangu kilichoiponza Uganda ni jinsi jeshi lake jipya lilivyoundwa.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Maduka na maghala yaliporwa, kwa sababu polisi walikuwa wametawanyika, na askari aliyefunzwa kuteka kilima hakuwa amefunzwa kulinda mtaa wa maduka wala kupeleleza wizi. Hapo ndipo inapoonekana kazi ya kwanza: kuwalinda raia, hospitali, maghala ya chakula na mitambo ya maji na umeme mpaka polisi warejee kazini. Ni kazi nzito kuliko wengi wanavyodhani, kwani inamtaka askari mwenye bunduki azuie nguvu zake mbele ya umati wenye njaa na hasira.

Kazi ya pili, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, inawahusu watu waliobeba silaha. Wapiganaji wa Uganda walioingia pamoja na jeshi letu la Tanzania, JWTZ, walikuwa na utii tofauti: Kikosi Maalum kilikuwa cha wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na FRONASA ilikuwa ya Yoweri Museveni. Vyote viwili viliandikisha vijana wengi wakati wa vita, na vilipounganishwa kuwa jeshi la taifa, askari wengi waliendelea kumsikiliza yule aliyewaandikisha. Serikali ya Yusuf Lule, iliyoshika nafasi ya Amin, haikumaliza hata miezi mitatu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980 na tume ya kijeshi. Na baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, ambao matokeo yake yalipingwa vikali, Museveni aliingia msituni kuipiga serikali Februari 1981, wakati baadhi ya askari wetu walikuwa bado wako Uganda. Vita vile vilianza wao wakiwapo, kwa hiyo kuongeza miezi peke yake kusingetosha.

Linganisha na Msumbiji. Mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa RENAMO ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na askari wa Umoja wa Mataifa wakapewa ulinzi wa njia za Beira na Limpopo, zinazounganisha bandari na nchi za bara. Nasi wa Tanga, wenye bandari na reli, tunajua maana ya njia kama hizo. Wapiganaji wa serikali na wa RENAMO walikusanywa kambini, wakasalimisha silaha, na waliochagua maisha ya uraia wakapewa fedha za kujikimu kwa takriban miaka miwili. Jeshi jipya lilikusudiwa kuwa na watu 30,000, lakini waliokubali kubaki walikuwa kama 12,000, kwa kuwa wengi walikwisha kuchoka na vita na walitaka kwenda kwao. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994. Hata hivyo RENAMO ilibaki na watu wenye silaha, na mapigano yakazuka tena mwaka 2013, hivi kwamba mkataba mwingine ukahitajika mwaka 2019.

Utaratibu nao una uzito wake. Liberia, Desemba 2003, zoezi la kukusanya silaha lilifunguliwa kabla walinda amani hawajatosha. Wapiganaji wakafurika, ghasia zikafika Monrovia, na zoezi likasimamishwa hadi Aprili 2004. Iraki nayo, Mei 2003, utawala wa Marekani ulilivunja jeshi lote kwa amri moja, ukawarudisha nyumbani maelfu kwa maelfu ya watu wanaojua silaha lakini hawana mshahara, na wengi wao walikuja kuingia katika uasi. Kulivunja jeshi si kosa daima. Tanganyika ililivunja la kwake baada ya maasi ya Januari 1964, lakini kikosi cha Nigeria kilishika ulinzi wakati jeshi jipya likiundwa, na JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo.

Kuhusu kuondoka, jeshi likabidhi kazi moja baada ya nyingine: doria za mitaani kwa polisi, watuhumiwa kwa mahakama, mipaka kwa jeshi la nchi yenyewe. Nchi ambayo bado haina wa kukabidhiwa ijengewe huyo kwanza, kwa fedha na mafunzo, na hapo ndipo wafadhili huchoka mapema.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Askari wetu walishinda Kongo mwaka 2013. Mbona mji wa Goma umeanguka tena?
Kijana wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Brigedi iliyoidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Machi 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ililisaidia jeshi la Kongo kulishinda kundi la waasi la M23 Novemba mwaka huo. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, na Watanzania waliendelea kulipa kwa damu: tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu 15 waliuawa kambini Semuliki, Kivu Kaskazini.

Lakini wapiganaji wengi wa M23 walivuka mipaka na kuingia Uganda na Rwanda, na mpango wa kuwarudisha na kuwapa maisha ya uraia ulisuasua kwa miaka. Madai yao hayakumalizwa mezani, na jeshi la Kongo halikurekebishwa kiasi cha kuweza kuyashika maeneo yaliyokombolewa. Kundi hilo likaibuka upya mwishoni mwa 2021, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kwamba Rwanda inaliunga mkono, jambo ambalo Rwanda inalikanusha, na Januari 2025 likaingia Goma. Brigedi ilifanya kazi iliyotumwa. Ile iliyobaki ilikuwa ya serikali za eneo hili la Maziwa Makuu, na hakuna kikosi cha kigeni kinachoweza kuifanya kwa niaba yao.