Muulize Mzee wa Sarafu: nusu dola ya majenerali wawili

SWALI: Mzee shikamoo. Nimeanza juzijuzi tu kukusanya zile nusu dola za fedha za ukumbusho za Marekani. Sasa nimenunua moja ya 1925, ina majenerali wawili wamepanda farasi, aliyeniuzia kaniapia ni adimu sana. Nimemwonyesha jamaa yangu akaniambia hio ni sarafu ya Klan, lile kundi la wabaguzi weupe la Ku Klux Klan, nitupe. Halafu imeshika weusi pembeni, nataka niisugue na dawa ya meno kidogo ing'ae. Nifanyeje? (Mgeni wa Fedha)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa rudisha hio dawa ya meno bafuni, nakuomba. Huo weusi ni fedha imezeeka tu, haijaharibika, kuna watu wanaongeza hela kabisa kwa ajili ya rangi kama hizo hasa zikielekea bluu au zambarau, lakini ukisugua unaacha vimikwaruzo ambavyo mnunuzi akiiinamisha kidogo kwenye taa anaviona palepale na bei imeshuka, na hakuna wa kukurudishia.

Uliyonayo inaitwa Stone Mountain. Hao wawili ni Robert E. Lee na Stonewall Jackson, majenerali wa upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaani upande uliopigania utumwa ubaki. Zilitengenezwa ili ziuzwe dola moja moja, faida iende kuchonga sanamu yao kwenye jabali la Stone Mountain kule jimbo la Georgia, jabali lilelile ambalo Klan ilifufuliwa juu yake mwaka 1915. Na mchoraji wa sarafu, Gutzon Borglum, alikuwa karibu na wakubwa wa Klan. Kwahiyo jamaa yako hajakudanganya, ila kusema ni "sarafu ya Klan" amekata kona, iliidhinishwa na Bunge la Marekani na Rais Coolidge akatia saini 1924, na kwangu mimi hilo ndo linauma zaidi. Hata wakati ule wazee waliopigana upande wa Kaskazini walilalamika, inakuwaje serikali ile ile iliyopigwa vita itengeneze hela ya kuwasifu waliopigana nayo? Eti sheria ikamtaja na Rais Harding aliyekuwa amefariki, ila itafute sarafu yote hulikuti jina lake.

Kichekesho kikaja baadaye. Borglum, ambaye ndiye pia aliyekuwa akichonga lile jabali, akagombana na chama kilichomwajiri, akafukuzwa Februari 1925, akavunja modeli zake akakimbia, ndo huyohuyo akaenda kuchonga nyuso za marais kwenye mlima wa Rushmore. Kichwa cha Lee alichokwisha kuchonga mlimani kikaja kulipuliwa chote mchongaji mwingine aanze upya! Kwahiyo mchoro wa Borglum umebaki kwenye sarafu, mlimani haupo.

Sasa kuhusu uadimu, hapo umepigwa mwanangu, pole. Ziliruhusiwa milioni 5, zikatengenezwa milioni 2.3 na ushee, kama milioni moja zikakosa wateja zikarudishwa kuyeyushwa. Zilizobaki ni zaidi ya milioni 1.3, hio si adimu hata kidogo, ni miongoni mwa nusu dola za ukumbusho zinazopatikana kirahisi kabisa. Zipo chache zilizogongwa herufi za jimbo na namba kwa ajili ya minada ya kuchangisha, hizo ndo zina bei, lakini kugonga herufi anaweza yeyote mwenye nyundo kwahiyo kuwa makini.

Kutupa usitupe. Mimi ninayo, nimeiwekea kikaratasi cha historia yake yote pembeni, anayeiona anasoma.

SWALI: Kwanini seti ya nusu dola za ukumbusho wa mji wa Cincinnati za 1936 ni ghali hivyo wakati sarafu zenyewe ni tatu tu? (Dada Mahesabu)

JIBU: Dada, hapo ndo kuna uhuni wenyewe. Tajiri mmoja mkusanyaji, Thomas Melish, alipata kibali cha sarafu 15,000 tu, elfu tano kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, elfu tano cha Denver, elfu tano cha San Francisco, ati kuadhimisha miaka 50 ya Cincinnati kuwa kitovu cha muziki. Miaka 50 ya nini? 1886 hakuna cha maana kilichotokea, na mtunzi wa nyimbo Stephen Foster waliyemweka usoni alikufa 1864! Tume ya sanaa ya serikali ilipinga, wapi. Seti ikauzwa dola 7.75 wakati thamani iliyoandikwa kwenye sarafu zote tatu ni dola moja na nusu, wengi wakaambiwa zimeisha, bei ikaruka. Uadimu wa kupikwa huo, ila uadimu ni uadimu, feki nazo zipo, uwe na mizani: kila moja iwe gramu 12.5.

SWALI: Nusu dola ya ukumbusho wa Rais Grant ya 1922 yenye nyota, nitajuaje kama nyota ni ya kweli? (Bwana Nyota)

JIBU: Zenye nyota ni elfu nne na mia mbili hivi, zisizo nayo zaidi ya elfu 67, kwahiyo matapeli wanagongea nyota kwenye za kawaida. Geuza nyuma, angalia sehemu inayolingana na ile nyota, ukikuta pamebapa ujue imegongwa baadaye, mrudishie mwenyewe.