Anayeogopa anaweza kuwa jasiri?

Umeuliza kama mtu anayetetemeka kwa woga anastahili kuitwa jasiri. Kwangu mimi huyo ndiye hasa. Asiyeona hatari hana anachoshinda, pengine hata hajaelewa kinachoendelea.

Chukua lile basi la Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, Desemba 2015. Al-Shabaab, wanamgambo wa Kiislamu kutoka Somalia, walilishambulia karibu na mji wa El Wak, wakaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja tu nyuma, katika kaunti hiyohiyo, watu 28 walishushwa basini wakauawa kwa mtindo huohuo, kwa hiyo kila aliyekuwemo alijua kinachofuata. Wakagoma. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakawaambia wale jamaa wawaue wote au wawaache. Wawili waliuawa, wengi wakasalimika. Salah Farah, mmoja wa abiria hao, mwalimu, Mwislamu, alipigwa risasi akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Baadaye serikali ilimtunuku nishani.

Kuna wanaosema kwamba bila kupigana hakuna ujasiri. Sasa huyo mwalimu, ambaye hakuwa na hata rungu, watamweka fungu gani?