Kabla Hujafungua Kopo la Rangi

Wewe unayeanza ufundi wa rangi, pesa yako ya kwanza isiende kwenye rangi. Nunua skrepa ya kukwangulia, msasa, brashi mbili na rola moja ya maana. Rangi ya bei ghali ikipakwa juu ya ukuta mbovu itabanduka vilevile, na mwenye nyumba atakulaumu wewe.

Hapa Dar es Salaam tunapambana na unyevu na chumvi. Angalia ukuta sehemu ya chini, usawa wa goti. Ukiona unga mweupe au rangi imevimba, usishike brashi bado. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande unaotazama ukuta, maji bado yamo ndani. Tafuta yanakotoka: pengine bomba linavuja, pengine maji ya mvua yanatuama nje kwenye msingi. Plasta mpya nayo ipe kama wiki nne, kwa sababu simenti mbichi ina ukali unaoichujisha rangi na kuacha mabaka. Najua mteja anataka kuhamia wikiendi hii. Mweleze kwa heshima, ila usikubali kupaka.

Ukuta ukishakauka, kwangua kila kinacholegea, ziba nyufa kwa puti, halafu piga msasa: anza na namba 120, malizia na 180. Pitisha kiganja, kisha washa tochi ya simu na uiweke ubavuni mwa ukuta, mwanga upite sambamba nao. Kila kibonde kitajitokeza. Kazi hii inachosha kweli, na hapo ndipo mafundi wanapotofautiana. Futa vumbi kwa kitambaa chenye majimaji, acha pakauke, ndipo upake praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Rangi ya mafuta ya zamani usiisugue ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ilowanishe, vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

Ukiwa dukani vuta nywele za brashi. Zikibaki mkononi, zitabaki na ukutani pia. Rola ya manyoya mafupi ni ya ukuta laini, ya manyoya marefu ni ya ukuta wenye mikwaruzo.

Hesabu ya rangi ifanye mwenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7, kina karibu mita za mraba 38 za ukuta. Toa mlango na madirisha, inabaki kama 34. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 68. Lita moja ya rangi ya maji ikifunika kama mita za mraba 10, unahitaji lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Yamimine yote kwenye ndoo moja uyakoroge kabla ya kuanza, maana rangi iliyochanganywa dukani inaweza kupishana kidogo kati ya kopo na kopo, na utaligundua hilo katikati ya ukuta, ikishakauka.