Je, Kuandika Malengo ya Januari ni Kuiga Makafiri? Jibu kwa Mshona Kofia wa Lamu

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeachika, naishi Langoni, Lamu. Nashona kofia za mkono peke yangu, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Kofia moja yanichukua wiki tatu, kama saa 80. Namuuzia mwenye duka wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa shilingi 3,000. Mwaka jana niliandika malengo kumi, likatimia moja. Nilishona kofia 15 tu. Mwaka huu wa 2026 nimeandika: kofia 60, shilingi laki tatu, wafuasi elfu kumi kwenye Instagram. Mkufunzi mmoja wa biashara mtandaoni atuambia tuisome hesabu hiyo kwa sauti kila asubuhi, ulimwengu utaileta. Ami yangu naye kaniletea sauti ya ustadhi kwenye WhatsApp: asema mwenye kuandika malengo Januari amejifananisha na makafiri, na mwenye kupanga mapato ya mwaka hana tawakkul, yaani hamtegemei Mungu. Je, niichome karatasi yangu? Na nichukue mkopo wa simu ninunue cherehani? Wakati mwingine naona kama Mungu hataki niinuke.

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu. Umeniuliza juu ya Januari, lakini kilichonikaa rohoni ni maneno yako ya mwisho. Nitaanza nayo.

Kauli hiyo imetajwa katika Suratul Fajr, aya ya 15 hadi 17. Mwanadamu akikunjuliwa neema husema, "Mola wangu amenitukuza." Akibaniwa riziki husema, "Mola wangu amenidhalilisha." Kisha likaja neno moja la kuwajibu wote wawili: Kallaa. Sivyo hata kidogo. Malengo tisa yaliyoanguka hayakupi habari yoyote ya cheo chako mbele ya Mola wako. Yana habari nyingine, na hiyo nitakutolea kwa hesabu huko mbele.

Sasa hiyo sauti ya ustadhi. Ningeiacha ipite kama zinavyopita nyingi, lakini mwaka huu nimeletewa na watu kadhaa, na wote ni watu wanaohangaikia riziki: wachonga milango, wapaka hina, na kijana mmoja mpiga picha. Basi lazima isemwe.

Hadithi aliyoitolea hoja, "Mwenye kujifananisha na watu basi yeye ni katika wao," ameipokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar, na hatuikatai. Lakini wanazuoni wameieleza kuwa ni kujifananisha nao katika yaliyo yao mahsusi: ibada zao, alama za dini yao, na maovu waliyojulikana nayo. Aliyetoka usiku wa tarehe 31 akaenda kulewa ufuoni Shela ana la kuambiwa. Mama aliyekaa mkekani watoto wakishalala, akafungua daftari akahesabu kofia zake, amemwiga kafiri gani? Kuhesabu ni kwetu. Suratu Yunus, aya ya 5, yatuambia jua limefanywa mwanga na mwezi nuru, ukapimiwa vituo, ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Ar-Rahman yataja jua na mwezi pamoja, vyote kwa hesabu.

Saumu, hija, zaka na eda vyaenda kwa mwezi, na hapo hapana mjadala. Lakini hata kalenda ya Hijra yenyewe ilizaliwa na haja ya kazi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliletewa hati imeandikwa Shaabani, akauliza: Shaabani ipi, hii tuliyo nayo au ile iliyopita? Wakakaa, wakaafikiana kuhesabu miaka tangu Hijra. Kilichowakalisha kikao ni deni na tarehe zake, mambo ya daftari kama lako.

Na wazee wetu wa pwani walifanyaje? Walikuwa na mwaka wa jua wakiuanza Siku ya Mwaka, Nairuzi, neno la Kifarsi, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nahodha akajua kaskazi itakatika lini na kusi itaingia lini, mkulima akajua apande lini. Mwezi haukuwafaa kwa hilo, kwa kuwa mwaka wake ni siku 354 na wa jua ni 365, na pepo zafuata jua. Kama palikuwa na la kukemewa, ni matambiko ya siku ile. Hesabu ya miongo ilikuwa mikononi mwa mabaharia waliosali safu ya mbele. Ustadhi aangalie basi hiyo sauti aliyoituma: WhatsApp imeigonga tarehe ya miladi, na sidhani kama aliifuta kwanza.

Nusu ya pili ya maneno yake ni nzito zaidi, maana yawagusa Manabii. Ati kupanga mapato ya mwaka ni kukosa tawakkul! Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipanga miaka kumi na minne: saba ya kulima, nafaka iachwe katika mashuke yake, kisha saba ya shida. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima kutokana na mitende ya Banu Nadhir, na hadithi hiyo imo katika Bukhari. Nani atasimama aseme hakuwa na tawakkul? Wenye hoja hii hupenda hadithi ya ndege, aliyoipokea Tirmidhi, nayo ni hoja juu yao. Ndege huruzukiwa, ndiyo, lakini imeelezwa kuwa huondoka asubuhi na matumbo matupu, kisha hurudi jioni yameshiba. Kuondoka kumo ndani ya hadithi. Ndege aliyebaki kiotoni hakutajwa.

Adabu ya kupanga tumefundishwa katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24: usiseme "nitalifanya hilo kesho" bila ya "Mungu akipenda." Aya haikukataza kuitaja kesho. Imefundisha namna ya kuitaja. Iandike inshallah juu ya karatasi kwa wino, usiiache mdomoni tu.

Kwa huyo mkufunzi sina maneno marefu. Ulimwengu umeumbwa, hausikii wala hauruzuku. Kuirudiarudia namba kila asubuhi wakati wa nyiradi, dhikri za kila siku, ukingoja kiumbe akuletee, ni jambo la kuachwa leo hii, si kesho. Laiti ustadhi angelikemea hili, ningekaa upande wake.

Hukumu, kwa hiyo: kuandika malengo ni halali, Januari au Muharram. Kwako wewe, mwenye watoto wawili wanaotazama mikono yako, kuipangia kazi yako kwakaribia kuwa wajibu. Karatasi haichomwi. Lakini yale malengo yenyewe yana kasoro, na kasoro hiyo ndiyo itakayokutia dhambini kabla ya kalenda.

Hesabu nami. Kofia 15 kwa wiki tatu ni wiki 45. Mwaka una wiki 52. Zile saba zilizobaki zilikwenda na homa za watoto, Idi, na siku za masika ambazo mwanga wa dirishani haukutosha kuona tundu la sindano. Ukasema "15 tu", na kumbe ndio ukomo wa mikono yako! Kofia 60 ni wiki 180, karibu miaka mitatu na nusu. Ukikazana na namba hiyo yatatokea mawili. La kwanza, utapokea oda usizoweza kuzimaliza, uanze kusema "kesho, kesho," na kuvunja ahadi kumetajwa katika alama za mnafiki. La pili, utatia mshono wa mashine uuze kwa jina la mkono. Yule aliyeficha nafaka iliyorowa chini ya kavu ndiye aliyeambiwa, "Mwenye kutughushi si katika sisi."

Lengo liweke juu ya kitendo ulichopewa uwezo nacho, riziki uiache kwa Mwenyewe. "Nitamaliza kofia moja kila wiki tatu, inshallah." "Kila Alhamisi nitapiga picha ya kazi iliyomo mkononi, asubuhi, karibu na dirisha." Wafuasi elfu kumi si kitendo chako, ni kitendo cha watu elfu kumi. Na amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni inayodumu, hata ikiwa chache.

Pesa itaongezeka wapi, basi? Katika bei. Kitambaa, uzi na wanga, tuseme shilingi 400. Katika 3,000 wabaki na 2,600, ukigawa kwa saa 80 ni shilingi 32 na nusu kwa saa. Umewahi kuipiga hesabu hiyo? Ukimuuzia mvaaji mwenyewe kwa 5,500, saa yako ni karibu shilingi 64, bila kuongeza hata mshono mmoja. Usimkate mwenye duka kwa ghafla. Alipa kodi ya duka, faida yake ni halali, na miezi ya masika wageni wakiadimika ndiye atakayenunua. Mpe kofia tano, kumi uuze mwenyewe: jumla ni shilingi 70,000 badala ya 45,000. Si laki tatu, najua. Ni hesabu inayoweza kutimia. Wala usione haya kutaja bei. Watu walimwomba Mtume awapangie bei akakataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei. Aonaye ni ghali na aende kwa amani.

Tarehe zako ziandike safu mbili, miladi na Hijra, kwa sababu wanunuzi wako wafuata mwezi. Idi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Aliyejipangia kwa Idi ya mwaka jana, iliyoangukia mwisho wa Machi, mwaka huu itamkuta na kofia nusu: yatarajiwa karibu tarehe 20 Machi, kwa kutegemea mwandamo. Oda za Idi zifunge mwanzoni mwa Shaabani, mwezi wa mlisho, yaani karibu tarehe 20 Januari. Kati ya hapo na Idi ni wiki nane na nusu: kofia mbili, na ya tatu kwa shida. Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, utaingia katikati ya Agosti na Maulidi yatajaza mji. Kofia za wageni hao zianze kushonwa Juni. Ya kwenda Mombasa iongezee wiki nzima ya boti, basi na dharura.

Oda nazo zina fiqhi yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kitu kisichokuwepo huuzwa kwa salam, na bei yote hutolewa papo hapo kikaoni. Mteja wa kofia huwa mzito kutoa yote. Jopo la kimataifa la fiqhi lililokaa Jeddah mwaka 1992 liliruhusu istisnaa, uagize kitu kitengenezwe na bei ilipwe kwa mafungu, na kwa hali ya mafundi wetu sioni dhiki kuifuata. Pokea nusu, andika sifa zote: rangi ya uzi, nakshi ipi, bei, tarehe. Kipimo cha kichwa kipimwe kwa futi ya kushonea, juu kidogo ya masikio, usikubali "saizi ya kawaida." Kitambaa cha pamba ukifue na kukianika kabla ya kukata na kuchora. Kisipofuliwa, kofia ya inchi 22 itapungua kwenye maji ya kwanza, mteja aone umempunja, na haki itakuwa yake. Ukichelewa wewe, mrudishie pesa zake akitaka. Akijitoa yeye, nusu ile si halali kwetu kuila bure. Mwambie utamrudishia pesa hizo kofia ikipata mnunuzi mwingine, na uliandike hilo mapema.

Mkopo wa simu wa kawaida una riba, wajua hukumu yake, sitakurefushia. Na cherehani ya nini? Haitoboi tundu la kofia ya mkono wala hailizungushii uzi. Unachokosa ni saa, basi nunua saa: mpe jirani akushonee zile sehemu nyepesi, ujira mkiafikiana kabla, umlipe jasho lake halijakauka, na mteja ajue mko wawili. Siku ukiamua kushona mavazi, chama cha wanawake cha mzunguko kisicho na nyongeza kitakutosha.

Pesa za kofia zitenge na za jikoni, hata kwa laini ya pili au Pochi la Biashara la M-Pesa. Zikichanganyika, hutajua mwisho wa mwezi kama kofia yalisha nyumba au nyumba yala kofia. Zaka bado hujaifikia, maana nisabu, kiwango cha chini cha mali itolewayo zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Ukiifikia, mwaka wake uhesabu kwa mwezi.

Ami yako usimjibu kwa sauti nyingine ya WhatsApp. Ni mzee wako na alikuhofia. Nenda nyumbani kwake na daftari, umsomee hesabu.

Na hiyo karatasi ya laki tatu, igeuze. Nyuma yake nyeupe andika inshallah, chini yake majina ya walioagiza kofia za Idi. Wakizidi watatu, wapigie wa mwisho leo, kabla hawajanunua kanzu.

Wallahu aalam.