Mkuu, usihamishie diski yenye data kwenye nafasi ya DVD kabla hujajua iko poti namba ngapi

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo, bisibisi iweke chini. Umesema kuna laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Core i7-2630QM (kizazi cha pili) karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, utaweka SSD mpya mahali pa diski, halafu diski ya zamani yenye kazi zako zote za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) utaipachika kwa kedi (fremu inayoshikilia diski) kwenye nafasi ya DVD. Ukauliza utajuaje kama ina lile tatizo la poti za SATA lililozikumba chipseti za Intel za kizazi hicho. Hatua hiyo ya kedi ndiyo inayoua data. Nimeilipia mimi, na wanaoishauri bado wanaishauri kila siku.

Tarehe 31 Januari 2011 Intel walitangaza kasoro kwenye chipseti zao za 6 Series (chipu inayounganisha prosesa na diski, DVD na USB), zile za Core kizazi cha pili, wakakadiria dola milioni 700 za kurekebisha na kubadilisha. Chipseti hiyo ina hadi poti sita za SATA (viunganishi vya diski na DVD), namba 0 hadi 5. Poti 0 na 1 ni za Gb 6 kwa sekunde, hizo hazina shida. Poti 2 hadi 5 ni za Gb 3, na saketi inayozipa mapigo ya saa ina transista inayopewa volti kubwa kuliko inavyostahimili. Inavujisha umeme kidogo kidogo, na uvujaji unakua kadiri miaka na joto vinavyoongezeka. Mashine iliyokaa Dodoma na feni iliyojaa vumbi haijapata nafuu yoyote. Na asikudanganye mtu kwamba kuna sasisho la BIOS (programu ya ubaoni inayoiwasha mashine) la kuponya hili. Kasoro iko ndani ya silikoni.

Sasa angalia kedi inafanya nini. Kwa kawaida mashine inatoka kiwandani diski ikiwa poti 0, na DVD inaweza kuwa poti 2 au zaidi. DVD haitumiki sana, kwa hiyo mashine mbovu inaishi miaka bila mtu kugundua. Siku unapoweka diski kwenye kedi, umeihamisha kutoka poti nzima hadi poti inayooza, ukaipa kazi mchana kutwa. Data haibadilishwi kimyakimya, kwa sababu SATA inakagua kila pakiti na kuikataa ikiharibika. Kinachotokea ni kwamba diski inapotea katikati ya kuandika. Faili linabaki nusu, jedwali la mafaili linavurugika, Windows inaanza kukuuliza kama unataka kufomati.

Hapo ndipo pigo kubwa. Fundi anakwambia "diski imekufa", anafomati, au anakuuzia nyingine anayoipachika kwenye nafasi ile ile. Diski ilikuwa nzima kabisa! Ingetolewa ikachomekwa kwa waya wa USB kwenye mashine nyingine, mafaili mengi yangesomeka. Wanaofomati kabla ya kuhamisha diski kwenye poti nyingine wananikera kuliko Intel wenyewe, maana kuihamisha ni skrubu mbili tu.

Kupima. Nenda na flashi yenye Ubuntu, iwashe bila kusakinisha, fungua dirisha la amri. Kwanza:

lspci -s 00:1f.0

Mwishoni utaona rev, namba ya toleo la chipu. Ikiwa 05, hiyo ni B3, chipu iliyorekebishwa. Ikiwa 04 usiihukumu hapo hapo, wala usiinunue hapo hapo. Intel waliendelea kuuza chipu zenye kasoro kwa mashine zinazotumia poti 0 na 1 tu. Kinachoamua ni namba ya poti:

ls -l /sys/block/

Tafuta mstari wa sda. Ndani yake kuna 0000:00:1f.2/ata1 au ata2, ata3 na kuendelea. DVD itaonekana kama sr0, na mstari wake ndio unaokuhusu zaidi, kwa sababu kedi itakaa hapo. Linux inahesabu kuanzia 1. ata1 ni poti 0, ata2 ni poti 1, na ata3 ni poti 2. Watu wanaona ata2, wanasema "poti 2, mbovu", wanaacha mashine nzuri. Wengine wanahesabu kinyume, wananunua mbovu. Kwa hiyo: sr0 ikiwa ata1 au ata2, kedi ruksa. Ikiwa ata3 hadi ata6 na rev ni 04, diski yenye data haikai hapo. Nukta.

Kama mistari inaonyesha pia 1f.5, BIOS imewekwa IDE (njia ya zamani ya kuendesha diski) na hesabu hii haifai. Badilisha iwe AHCI (njia mpya) kwa muda wa kipimo, kisha irudishe, la sivyo Windows iliyomo inaweza kugoma kuwaka.

Usidanganyike na kasi. Amri ya sudo dmesg | grep "SATA link" itaandika 3.0 Gbps, na wengi wanashtuka. Diski nyingi za wakati ule zenyewe ni za 3.0, hata zikiwa poti 0. DVD kwa kawaida huandika 1.5. Lakini ukiona 6.0 hiyo ni hakika, kwa sababu poti mbovu haiwezi kufika huko.

Diski ikiwa tayari imekaa kwenye kedi na inasuasua, soma kumbukumbu zake za afya kwa sudo smartctl -A /dev/sdb (sakinisha smartmontools kwanza, na hakikisha sdb ndiyo diski yenyewe, si flashi). Namba 199, UDMA_CRC_Error_Count, ni makosa ya njiani, na haishuki kamwe, kwa hiyo iandike. Kisha:

sudo dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=1M count=20000 status=progress

Hiyo inasoma takriban GB 20. Hakikisha if ndiyo diski. Diski isikae kwenye of kamwe, kwa sababu hapo ndipo dd inapoandika. Isome 199 tena. Ikipanda, na dmesg ikaonyesha "hard resetting link" au "limiting SATA link speed to 1.5 Gbps", njia ndiyo mgonjwa. Hamishia diski nafasi ya poti 0 urudie. Ikitulia, diski ni nzima, tatizo ni poti au kedi, na kedi za bei rahisi nazo hulegea, kwa hiyo jaribu nyingine kabla ya kuhukumu. Zikiwa namba 5, 197 au 198 (hesabu za sekta mbovu) ndizo zinazopanda, hapo sahani zenyewe ndizo zinazokufa.

Ukikuta sr0 iko ata3 na rev 04, SSD iende nafasi ya diski, DVD ibaki ilipo, diski ya zamani iingie kwenye kasha la USB. Muuzaji asipokuruhusu kuwasha flashi yako kwa dakika kumi, mwachie mashine yake. Ukishapima, bandika hapa mistari yote ya ata na ya lspci bila kukata kitu, tuisome kabla hujatoa hela.